Tenki Lina Ugomvi Gani na Mimi?

Naomba niulize, na mtu asinijibu kwa hasira: hivi tenki la maji nimelikosea nini? Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, nataka kuoga niwahi daladala ya kwenda Mtumba, linanitolea maji ya baridi mpaka meno yanagongana. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, nimetoka juani natamani kujimwagia, linanitolea maji ya kusongea ugali. Lita 2,000 za ukaidi mtupu, na pesa ya kulinunua ni yangu!

Watu wa pwani mkisikia Dodoma mnadhani ni joto tu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia, usiku unashuka mpaka karibu nyuzi 14, na ule upepo wetu hauna adabu. Halafu Oktoba jua linapita utosini kabisa, wingu halionekani, na tenki lenyewe jeusi. Nikamuuliza fundi kwa nini wasitengeneze meupe. Eti weusi unazuia mwanga, mwanga ukipenya maji yanaota ukijani. Kwa hiyo chaguo ni langu: niungue, au nioge mlenda.

Basi nikasema nalivalisha. Weee! Mtaa mzima wa Nkuhungu ukageuka mainjinia. Jirani akasema funga magunia, uyamwagie maji kutwa, upepo utayapoza kama mtungi. Ni kweli, hewa ya hapa kavu, mtungi unapoza vizuri sana. Lakini haya maji ya mgao, ambayo nayakeshea usiku wa manane na tochi ya simu nikisikiliza boya kama linalia, niyachukue niliogeshe tenki ndipo nami nioge? Shemeji akaleta godoro la sponji. Jua likalila, likawa unga wa njano, upepo ukatugawia sote mpaka kwenye mboga.

Nikaishia kwenye nyasi kavu. Nikazipanga nene pande zote, juu nikazungushia viroba, nikakaza kwa kamba ya manila. Mchana nafungua koki ya bafuni kwa mbwembwe: moto! Fundi akaja, akakuna kichwa, akasema hilo si tenki, ni bomba. Lile bomba jeusi limelala juu ya ardhi kutoka tenki hadi bafuni, linapikwa tangu asubuhi. Na aliyelilaza pale ni nani? Yeye mwenyewe! Na kulifukia alitaka alipwe tena. Nikachimba mwenyewe. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi, ukiipiga sururu inakurudishia.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bahi. Hasemi na mimi moja kwa moja, heshima, ila sauti alihakikisha inanifikia: “Mwanangu, tembe la baba yako udongo chini, udongo juu, mchana ubaridi, usiku joto. Sijawahi kuona mtu akilivisha kiroba.” Nikainamisha kichwa nikaendelea kuchimba.

Lakini sasa maji ni safi, mchana yanapoza mwili, nikajua nimepumzika. Thubutu. “Baba Neema, maji yangu ya moto umeyapeleka wapi?” Kumbe miaka yote mwenzangu anaoshea vyombo na kumwogeshea mtoto yale yale yaliyokuwa yananibabua mimi, bure, bila kuwasha jiko. Sasa ananunua mkaa, na bei ya mkaa ananitajia kila nikishika kijiko. Na mimi nimwambie nini? Nyasi hazitengenezi baridi wala joto, zinachelewesha tu kuingia na kutoka. Hilo somo halijafika jikoni.

Juzi akatoa hukumu: nifungue upande mmoja, ule wa magharibi, jua la jioni liingie kidogo. Nikachukua kisu nikaenda kukata kamba. Upande wa magharibi mbuzi wa jirani wameshaufungua, nyasi wamekula zote, na mmoja alikuwa bado anatafuna kiroba, ananitazama.