Anayesomea Nyumbani Naye Yuko Chuoni

Hapa Masasi, mtoto akichaguliwa chuo Dar es Salaam ukoo mzima unachangishana. Atanunuliwa godoro na sanduku, atasindikizwa mpaka stendi, na mwezi ukiisha akipiga simu kusema kaishiwa, mjomba atatuma chochote. Ndugu yake anayesoma shahada hiyohiyo kwa mtandao, akiwa hapohapo uani, anatumwa mashineni kusaga mahindi. Akisema subirini kidogo nina kipindi, anaambiwa siku hizi anaringa, kazi yake kushinda na simu.

Mimi nina steshenari mjini na hawa ndio wateja wangu wa jioni. Walimu wa shule za msingi, wauguzi, watendaji wa vijiji, vijana wa maduka ya pembejeo. Wanakuja kuchapa kazi, kuskani vyeti, kutoa namba ya malipo ya ada. Nikiwasikiliza miaka yote hii nimefikia mahali pa kusema wazi: kinachowaangusha wengi si akili, wala si bando peke yake. Ni kwamba hakuna anayewahesabu kuwa wako masomoni.

Kuna dada mmoja, muuguzi, huja akiwa bado na sare ya zamu. Kazi yake yote huiandika kwenye simu kwa kidole gumba, kioo kina ufa unaopita katikati ya herufi, kisha anajitumia WhatsApp ili mimi nimpangie kurasa na kuigeuza PDF. Siku moja tulikuwa tumebakiza orodha ya marejeo tu. Simu ikaita. Mama mkwe. "Mkwe, watoto hawajala, wewe uko wapi?" Akajibu, "Nakuja mama, niko njiani," naye amekaa kwenye benchi langu kalamu mdomoni. Hakusema yuko chuoni. Pale ndipo niliposikitika, maana alikuwa chuoni kabisa, saa moja na nusu usiku, na kazi ilitakiwa kuingia kwenye mfumo kabla ya saa sita.

Wanaodharau elimu hii huzungumza kana kwamba imeletwa juzi na simu janja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikifundisha watu kwa njia ya posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wakati ambapo huku Kusini intaneti haikuwepo hata kwenye ndoto. Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Sasa mtu akiniambia shahada ya aina hii ni ya kuokota, huwa namuuliza kama amewahi kuwaona wanafunzi wa Huria wakienda kufanya mitihani. Hawafanyii kitandani. Wanaingia ukumbini, wanasimamiwa kama wanafunzi wengine.

Sisemi wote ni malaika. Wapo wanaoniletea kazi iliyoandikwa na akili unde, yaani AI, hawajaisoma hata wao, katikati imebaki sentensi ya "kama ungependa naweza kuongeza mfano". Nawaonyesha, wanacheka, wanafuta sentensi hiyo, wanachapa. Lakini madesa, zile notisi na majibu ya kunakiliana, yalikuwepo mabwenini kabla ya akili unde kuzaliwa.

Vyuo navyo vina lao. Vimechukua neno la kwamba masomo yanakufuata ulipo, halafu vinaweka kipindi cha video cha moja kwa moja saa mbili usiku na mahudhurio yanahesabiwa. Kwa mwalimu wa kijijini Nanyumbu hilo ni darasa la kawaida lililohamishiwa kwenye simu, tena darasa la gharama kubwa zaidi, kwa sababu video inakula bando kuliko kitu chochote. Sauti iliyorekodiwa na kitini chenye kurasa chache angevipakua alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, akasikiliza akiwa anatembea kwenda shuleni. Mei 2024 ilitufundisha hili kwa ukali. Mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Somanga. Barabara haijakaa sawa, Mei 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Wateja wangu waliokuwa wameshapakua vitini waliendelea kusoma. Waliokuwa wakitegemea video walikaa wakitazama kiduara kikizunguka.

Halafu kuna ada. Mwaka wa masomo unafunguliwa Oktoba au Novemba. Oktoba huku kwetu ndio kwanza minada ya korosho inaanza, na mkulima analipwa baada ya mzigo kuuzwa, kupitia chama cha msingi na benki. Mtu anadaiwa ada wakati korosho zake ziko ghalani zinasubiri mnunuzi. Wanafunzi wa Newala na Tandahimba hawana shida ya kulipa, wana shida ya tarehe. Chuo kinachojinadi kuwa kinamfuata mwanafunzi alipo kingeangalia kalenda ya huko alipo, kikapokea sehemu kubwa ya ada Desemba. Sioni kingepoteza nini.

Waajiri nitawagusa kidogo. Mwalimu mkuu anayempa ruhusa mwalimu wake ya kwenda Mtwara kufanya mtihani, kisha anamkumbusha fadhila hiyo mwaka mzima, ajue kwamba anayefaidi ni shule yake.

Ila la kwanza kwangu ni nyumbani, na la pili ni mahali pa kukaa. Mtu hawezi kusomea sebule yenye televisheni na watoto wanne. Shule za sekondari kadhaa huku zina chumba cha kompyuta kinachofungwa saa tisa alasiri mpaka kesho yake. Halmashauri ikisema vyumba hivyo vifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku kwa watu wazima wanaosoma, gharama ni mlinzi na umeme. Tena faida moja ambayo haionekani haraka ni kwamba yule muuguzi angeaga nyumbani. Mtu anayeaga akabeba daftari na kutoka hatumwi mashineni.

Nimewauliza wateja wangu hapa kaunta kama wangechangia. Wengi hawakusubiri nimalize swali, wakaanza kupangiana Luku ya mwezi. Mmoja akauliza kama kutakuwa na choo. Swali la maana, na sijui kwa nini wanaoandaa mipango huwa wanalisahau. Barua ya kuomba chumba kimoja cha kuanzia tunaiandika wiki hii, na kuichapa ni bure.