Mlango ni mimi

Jamani hivi mlango wa treni kazi yake ni nini? Naulizia tu, maana behewa ninalopanda kila asubuhi (sitaji treni ya wapi, kesho nataka kupanda tena) mlango upo na rangi umepakwa, ila tangu niujue sijawahi kuuona umefungwa, kwa hiyo anayesimama pale ndo anakuwa mlango mwenyewe. Na huyo mtu ni mimi. Sijui nina nyota gani, kila siku najikuta hapo hapo, mguu mmoja ndani mwingine unapigwa upepo, mkono umeng'ang'ania bomba lililoshikwa na mikono mingine saba, halafu mama mmoja nyuma yangu na ndoo ya samaki ananiambia "kaka simama vizuri usije ukanimwagia samaki". Samaki! Mimi je?

Juzi nikamuuliza mkaguzi wa tiketi, bosi, hivi nikidondoka hapa nani anahusika? Akaniangalia kama nimemkopa hela. Eti abiria anatakiwa awe ndani. Nikamwambia ndani wapi, nionyeshe na mimi nikaingie. Akasepa, tena kapita kwa kunikumbatia maana njia yenyewe ndo hiyo. Kijana aliyekaa dirishani akadakia "mzee uzembe wako, ungewahi siti". Mwingine akasema kosa la dereva. Dereva yuko kule mbele kabisa, hata hajui kama nilishazaliwa.

Mdogo wangu ndo kanionyesha kwenye simu mambo ya India, treni za Mumbai zile za watu kuning'inia. Tarehe 9 Juni 2025, karibu na stesheni ya Mumbra, abiria waliokuwa mlangoni walidondoka, wasiopungua wanne wakafa, watu wanaenda zao kazini tu kama mimi. Ndo baada ya hapo wakubwa wakatangaza treni mpya zitakuwa na milango ya kujifunga yenyewe. Nikanyamaza kidogo hapo.

Ila wenzetu sheria yao ya reli haina longolongo, ukidondoka ukafa familia inalipwa rupia laki nane, hata kama reli haikukosea chochote, labda uwe umejirusha mwenyewe au umelewa. Na rupia laki nane sio laki nane zetu za madafu. Sasa masharti yake, uwe abiria halali. Yaani bwana wewe unadondoka lakini akili iko kwenye tiketi isipeperuke!

Basi tangu siku hiyo tiketi naiweka kwenye soksi. Jana mke wangu kaiona wakati anafua, kaniuliza hii nini, nikamwambia mama watoto itunze hiyo, ndo mirathi yako. Kakasirika kweli, kasema kuanzia kesho panda daladala.

Daladala ya mtaani kwetu, ambayo mlango wake umefungwa na kamba ya katani na konda ndo ameishikilia.