Kuutazama Ubongo Bila Kuupunguza

Umeme ukikatika usiku, washa tochi ya simu uifunike kwa vidole. Vinawaka wekundu, lakini mfupa huuoni. Mwanga umepenya, ila nyama imeutawanya huku na huku. Wanaotaka kuziona seli za neva ndani kabisa ya ubongo ulio hai wanahangaika na jambo hilohilo.

Kwa panya wa maabara, hipokampasi iko takriban milimita 1 chini ya uso wa ubongo. Ndiyo sehemu inayotunga kumbukumbu, na Alzeima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huishambulia mapema. Bibi yangu alianza kwa kuuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa, ndiyo maana milimita hiyo naifuatilia kwa moyo wote.

Mwaka 1990, Winfried Denk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha hadubini ya fotoni mbili, yaani punje mbili za mwanga. Leza yake ina mawimbi marefu, yasiyotawanyika kirahisi, na kinachong'aa ni pale tu fotoni mbili zinapofika kwa pamoja, kwenye kitovu cha leza. Maria Göppert-Mayer alikwisha kulipigia hesabu jambo hilo mwaka 1931, leza zenyewe hazijabuniwa.

Hata hivyo, ili kuifikia hipokampasi, watafiti walizoea kufyonza gamba la ubongo lililo juu yake na kuweka kioo. Hapo ndipo ninapopinga. Si huruma kwa panya pekee, ingawa huruma ninayo. Gamba lile lina kazi yake, na ubongo hufanya kazi kwa kupashana habari. Ukiwatoa baadhi ya wasemaji barazani, mazungumzo utakayoyasikia si yaleyale.

Mwaka 2013, kundi la Chris Xu, palepale Cornell, lilitumia fotoni tatu na mawimbi ya takriban nanomita 1,700, likaiona hipokampasi gamba likiwa zima. Mwaka 2017 wakaziona seli zenyewe zikifanya kazi, kwa protini iliyoundwa kutokana na ile ya konyeza wa baharini: seli ikisisimka, kalsiamu huingia, protini hung'aa.

Leza hizo ni ghali, picha huchukuliwa polepole, na joto lake lisipodhibitiwa huunguza. Bado nazipendelea. Maabara iliyo nazo, ikitaka kufyonza gamba, kwanza itueleze ni swali gani lisilojibika bila kufanya hivyo.