Kuokota taka kusiwe adhabu ya mtoto

Katika shule zetu nyingi, mwanafunzi aliyechelewa namba huambiwa akaokote makaratasi uwanjani. Aliyepiga kelele darasani huokota. Aliyesahau daftari nyumbani naye huokota. Halafu inafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na mzazi anamwambia mtoto yuleyule, "Twende tukaokote taka, utafurahi." Atafurahije? Tangu darasa la kwanza amejifunza kwamba anayeinama kuokota taka ana kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua glovu au kutafuta viroba, familia iondoe kwanza harufu yote ya adhabu. Usimpeleke mtoto kuokota siku aliyokosea. Usimlazimishe kumaliza eneo. Na mzazi asisimame pembeni akinyoosha kidole, ashike kiroba chake. Baada ya hapo mtoto anahitaji vitu vitatu: muda mfupi, mchezo wenye sheria zinazoeleweka, na kuona mwisho wa kile alichookota. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau kuliko yote, na ndilo linalomfanya aulize tutaenda tena lini.

Muda hauna ugumu. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 apewe dakika 20, wa miaka 7 hadi 10 apewe dakika 40, na saa nzima waachiwe wakubwa. Maliza wakati bado wanataka. Chagua kipande cha barabara cha hatua mia hivi, au uwanja mmoja wa mpira. Mitaro waachiwe watu wazima, maana maji yake hubeba kinyesi na vioo visivyoonekana.

Mkiwa pwani, tazameni mwezi kabla ya kutazama saa. Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na kupwa hadi mwisho mnamo saa nne asubuhi. Mkifika saa moja na nusu, bahari inarudi nyuma na imeacha mstari wa mwani juu ya mchanga; taka nyingi zimenasa humo humo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne hiyohiyo, na ufukwe unabaki mwembamba wakati jua linapanda. Mwani wenyewe uachwe pale, ni chakula na makazi ya wadudu wa pwani na unasaidia kushika mchanga. Makombe yaachwe pia, kuna kaa wanaoishi ndani. Konyeza, kiumbe laini wa baharini anayewasha, asiguswe hata akiwa amekauka.

Kwenye vifaa, kosa la kwanza ni glovu. Zile nyembamba za hospitali hupasuka kwenye mwiba wa kwanza, na mtoto akitoka jasho ndani yake huzivua mwenyewe. Tafuta za kitambaa zenye mpira viganjani, saizi ndogo. Zikipwaya, zibanwe kwa mpira wa nywele kwenye kifundo cha mkono. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kiroba kiwe cha mchele cha kilo 25, kwa sababu cha kilo 50 kikifika nusu mtoto anakiburuta na kinachanika chini. Shida ya kiroba ni mdomo kujifunga upepo ukivuma, na mtoto kuufungua kwa mkono uliotoka kushika uchafu. Kata ukingo wa ndoo mbovu ya lita 10, upate pete yenye upana wa vidole vitatu. Ipenyeze mdomoni mwa kiroba, kunja kiroba kwa nje juu yake, kisha bana kwa vibanio vinne vya nguo. Watoto waende wawili wawili, mmoja na koleo la mkaa na mwingine na kiroba, wakibadilishana kila baada ya dakika 10. Ugomvi wa nani ashike koleo unaishia hapo.

Sheria ya usalama iwe moja na ifanyiwe mazoezi nyumbani. Sindano, vioo, betri, pampasi na chupa yenye majimaji yasiyojulikana haviguswi: mtoto anasimama, anainua mkono, anaita mkubwa. Mkubwa ana dumu gumu la lita 5 lililokatwa mdomo kwa ajili ya vioo, na chupa nene yenye kifuniko kwa ajili ya sindano, ambayo itapelekwa kituo cha afya. Mpe pointi anayeita, tena nyingi kuliko anayeokota.

Sasa mchezo. Wengi huanzisha shindano la uzito, na hapo ndipo mambo huharibika. Watoto ni werevu. Watajaza mchanga mbichi, mawe, na chupa zenye maji ndani. Ukibadilisha ukahesabu idadi, watachana karatasi moja mara nne. Shindano linalofanya kazi ni la aina. Chora miraba tisa kwenye kipande cha boksi, na katika kila mraba weka mchoro wa kitu cha kutafuta: kizibo cha soda, kizibo cha plastiki, kijiti cha pipi, mrija, ndala, kopo la nyanya, kipande cha nyavu, pakiti ya biskuti, kifuko cha karanga. Anayepata tisa zote anasaidia timu nyingine. Mashindano ya kundi zima dhidi ya saa ni bora kuliko ya ndugu dhidi ya ndugu, hasa wadogo wakiwemo. Zawadi isiwe pipi, kwa sababu dakika tano baadaye mtaokota maganda yake. Kateni tikiti maji, baada ya kila mkono kuoshwa kwa sabuni.

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya siku, nitachagua kuchambua nyumbani, kwenye kivuli. Hapa mtoto anakuwa mpelelezi. Weka beseni la maji katikati. Kata kipande cha chupa ya maji cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kingine cha kizibo chake. Vizamishe vyote viwili kwa kidole, kisha achia. Cha chupa kinabaki chini, cha kizibo kinaibuka. Chupa ni PET, aina ya plastiki ambayo sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.38 hivi, wakati maji yana gramu 1 na plastiki za vizibo hazifikii hapo. Viwandani chupa zilizosagwa hutenganishwa na vizibo kwa njia hiyohiyo. Jaribio likikataa, sababu mara nyingi ni mapovu ya hewa yaliyoshika kipande na kukipandisha juu. Weka tone la sabuni ya maji, sugua kipande ndani ya maji, rudia. Kipande cha bomba la maji la PVC, aina nyingine ya plastiki, nacho kitazama, kwa hiyo bomba litengwe kwa macho. PVC kidogo ikiingia kwenye PET inaungua kabla PET haijayeyuka, inatoa tindikali, na mzigo mzima unaharibika.

Jaribio la pili ni sumaku, na iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Kizibo cha soda na kopo la dagaa au nyanya hunata, kwa kuwa ni chuma. Kopo la alumini halinati, na bei yake kwa kilo huwa juu kuliko chuma chakavu. La tatu ni la ngumi: finyanga pakiti inayong'aa, kisha fungua mkono. Ikibaki imejikunja ni karatasi ya alumini. Ikijinyoosha yenyewe, kama pakiti nyingi za krispi, ni plastiki iliyopakwa alumini kidogo, na hiyo haina mnunuzi. Mtoto akishajua kwamba pakiti ile haiendi popote, ataanza kuuliza maswali dukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini pakiti na vifuko vidogo vya vyakula bado vimejaa njiani, na ndivyo vitakavyojaza kiroba cha visivyo na mnunuzi.

Chupa ziondolewe vizibo, zisuuzwe kwa maji kidogo, zikanyagwe. Hapo kelele zinaruhusiwa. Chupa ya lita moja na nusu ina gramu 30 hivi, kwa hiyo kilo moja ni kama chupa 33. Mwambie mtoto wa darasa la nne apige hesabu mwenyewe. Za rangi zitengwe na zisizo na rangi, na zilizowekwa mafuta ya taa zitolewe kabisa.

Watu wengi hupenda kuwapa watoto kazi ya kushindilia vifuko laini ndani ya chupa ili ziwe matofali. Kwa watoto wadogo siipendi. Chupa ya lita moja na nusu inapaswa kufika nusu kilo ndipo iwe ngumu, kazi ya wiki nyingi. Wakichoka inabaki laini na haijengi kitu. Vifuko vikiwa na mabaki ya chakula, vinaoza ndani. Na chupa ambayo ingeuzwa imepotea.

Gari ni bora. Watoto wetu walikuwa wanatengeneza magari ya makopo na mipira ya chandimu kabla warsha za mazingira hazijafika mtaani. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 1, spoku mbili za baiskeli, ndala iliyokatika na maganda mawili ya kalamu. Chora duara nne kwenye ndala kwa kufuatisha kizibo kipana, mkubwa akate kwa wembe. Tundu la gurudumu litobolewe kwa msumari mwembamba kuliko spoku, ili gurudumu libane; likipwaya, litayumba na kuchomoka. Kwenye dumu ni kinyume: matundu yawe mapana, lipitishwe ganda la kalamu kutoka ubavu hadi ubavu, na spoku izunguke ndani yake. Ukiacha spoku isugue plastiki tupu, tundu linachanika siku hiyohiyo. Gari likienda upande, matundu hayalingani. Pima kwa rula kutoka chini ya dumu, pande zote mbili. Vizibo vya soda vilivyobaki ni vya drafti: 12 vimelala, 12 vimefunuliwa, na ubao unachorwa kwenye boksi.

Wakiwa wanatengeneza, waonyesheni picha ya Flipflopi, dau la mita 9 lililojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndala 30,000 hivi. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mtoto mwenye gurudumu la ndala mkononi anaielewa picha hiyo mara moja.

Kabla ya yote hayo, siku mbili nyuma, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa gari la taka linapita lini. Viroba vikikaa njiani usiku mmoja, mbwa na kunguru watavichana. Visichomwe moto hata kidogo. Moshi wa plastiki una sumu, na mtoto aliyeshinda akiokota akaona rundo linawashwa atajua amedanganywa.

Chupa na chuma zipelekwe kwa mnunuzi wa skrepa, watoto wakiwepo. Kama kuna waokota makopo wanaopita mtaani kwenu kila asubuhi, msiwapokonye riziki: wapeni chupa zilizokwisha kanyagwa, ninyi mbaki na pakiti ambazo hawazichukui. Watoto wawaamkie, "Shikamoo mzee," na wawaulize wanavyotambua plastiki kwa kuigonga tu. Wengi wanajua kuliko vitabu. Kwenye mzani, mtoto asome namba mwenyewe na pesa iwekwe mkononi mwake palepale, hata kama ni ya kununua rula na wembe wa gari linalofuata.