Jedwali si kazi ya kitufe cha nafasi

Wiki hii nimekasirika na hasira haijaniisha, kwa hiyo naandika. Kijana aliyemaliza S.6 (kidato cha sita), tena aliyechukua TEHAMA badala ya hesabu ndogo (Subsidiary Mathematics), alikuja dukani kwangu hapa Busia, Uganda, kuchapa orodha ya kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Majina, akiba, mkopo, salio. Ilionekana safi kabisa. Kisha mwenyekiti aliyekuja naye akasema, "Mwanangu, huyu mama umemwandika jina moja tu. Weka na la pili, ndilo lililo kwenye kitambulisho."

Kijana akaongeza jina. Tarakimu zote za mstari ule zikasogea kulia, na mkopo wa shilingi 200,000 ukaenda kukaa chini ya salio. Akaanza kufuta nafasi moja moja ili kuzirudisha. Mwenyekiti akaomba herufi zikuzwe kidogo kwa ajili ya wazee, na hapo orodha nzima ikavurugika. Nikabonyeza ile alama ya aya inayoonyesha vilivyofichika, skrini ikajaa nukta kama msafara wa siafu. Kila nukta ni pigo moja la kitufe cha nafasi, kile kirefu cha chini ya kibodi. Hapakuwa na jedwali pale hata kidogo.

Simlaumu kijana. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa ni kwamba jedwali ni sura: mistari iliyonyooka kwenye karatasi. Shule nyingi ninazozijua, mwalimu anaandika hatua ubaoni, bofya "Insert", bofya "Table", chagua safu wima nne na safu mlalo tano, na wanafunzi wananakili daftarini. Siku ya mazoezi wanajaza, wanachapa, mwalimu anasahihisha karatasi. Karatasi haisemi kama ndani kuna seli, yaani vyumba vya jedwali, au kuna nafasi tupu. Aliyejenga na aliyebabaisha wanapata alama sawa, na mwanafunzi yeyote mwenye akili atachagua njia anayoiona rahisi.

Tabia hii ina chimbuko lake. Wengi waliotufundisha kuchapa walianzia kwenye taipureta, ambako herufi zote zilikuwa na upana mmoja, i sawa na m. Ukihesabu mapigo, safu zinanyooka. Kwenye Times New Roman au Calibri i ni nyembamba na m ni pana, kwa hiyo mapigo sawa hayakufikishi mahali pamoja. Mbinu ilikuwa sahihi kwa mashine yake. Mashine imebadilika, na sisi tunaendelea kurithisha mbinu ileile.

Ndugu zangu walimu, najua mtanijibu kwamba kompyuta ni chache, wanafunzi wanabanana kwenye mashine moja, na umeme unakatika kipindi kikiwa katikati. Ni kweli, nakubali. Lakini dakika zilezile chache mlizonazo mnazitumia kuchagua rangi za mipaka! Na leseni isiwe kisingizio, maana programu ya LibreOffice ni bure na majedwali yake yanafanya yote ninayoyataja hapa.

Anzeni na jedwali linalobadilika. Mpe mtoto orodha ya wanakikundi, na ikishapendeza mwambie: mama mmoja amesahaulika, muweke katikati. Panga majina kwa alfabeti. Ongeza safu ya faini. Kuza herufi. Orodha imefika ukurasa wa pili, mbona haina vichwa? Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini kuna "Repeat Header Rows", amri ya kurudia vichwa kila ukurasa, kwa sababu ameshaona ukurasa wenye tarakimu ambazo hakuna anayejua ni za nini. Atagundua kwamba kitufe cha Tab kinampeleka seli inayofuata, na akikibonyeza kwenye seli ya mwisho safu mlalo mpya inazaliwa yenyewe. Atazipanga tarakimu zianzie kulia, mamoja chini ya mamoja, ili 5,000 isifanane na 50,000 machoni pa mtu anayesoma haraka. Atazuia mstari wa mtu mmoja usikatwe vipande viwili kati ya kurasa. Mtoto aliyepita katika misukosuko hiyo hahitaji kukariri hatua.

Kuunganisha seli ovyo ili kichwa kipendeze, nako kupunguzwe.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya duka langu. Mwanafunzi asiyeona anasoma kompyuta kwa programu inayomsomea kwa sauti, kama NVDA. Jedwali la kweli lenye safu ya vichwa iliyotambulishwa linamwambia yuko safu gani na tarakimu ni ya nini. Jedwali la nafasi linamsomea mstari mzima mfululizo, jina na fedha bila mpaka. Tunamfungia nje ya orodha ambayo wenzake wanaisoma kwa kutupa jicho tu.

Mtaala mpya ulioanza na S.1 mwaka 2020 unataka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, na kazi za darasani sasa zinaingia kwenye alama za mwisho za S.4. Basi nafasi ya kubadilisha usahihishaji iko mikononi mwenu, hamna haja ya kungoja waraka kutoka Kampala. Msisahihishe karatasi. Fungueni faili la mwanafunzi, muwashe alama zilizofichika, muweke kishale kwenye jina la katikati na mliongeze urefu. Tarakimu zikihama safu, hilo si jedwali, na alama zake zisitolewe.