Kabla hujamuuzia ruta, muulize anakaa nyumba gani

Mama yangu mdogo anakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili, katika nyumba ya kale ya mawe na chokaa. Anashona mabaibui, oda zake nyingi zinaingia kwa simu, na mitindo yote ameiweka kwenye kompyuta. Waifai ilikuwa haifiki chumba cha cherehani. Akaenda dukani kuuliza, akauziwa ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, yenye antena nyingi zaidi. Haikufika. Akarudi, akauziwa ripita. Ikafika kwa shida, ikawa inakatika kila saa. Mwisho akaambiwa kifurushi chake ndicho kidogo, apandishe. Akapandisha. “Mwanangu, pesa nimeshatoa, na bado nashuka chini kutuma picha,” akaniambia.

Katika yote hayo hakuna aliyemuuliza anakaa nyumba gani.

Hilo ndilo linaloniudhi. Watu wetu wanauliza kwa adabu, wanasikiliza, wanatoa pesa walizozitafuta kwa jasho, halafu jibu wanalopewa ni kitu kilichopo kwenye kabati la muuzaji. Ushauri wa vifaa vya kompyuta hapa kwetu huanza na bidhaa, wakati ulitakiwa uanze na ukuta, umeme, na kazi ambayo mtu anaifanya.

Tuanze na ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na unene wa ukuta mara nyingi unafika nusu mita au kupita. Waifai ni mawimbi ya redio. Yale ya gigahetsi 2.4 yanapenya ukuta kama huo kwa tabu. Yale ya gigahetsi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, yanaishia njiani mapema zaidi. Kuongeza antena hakuufanyi ukuta uwe mwembamba. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: hata ruta iwe na nguvu kiasi gani, simu nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni dhaifu. Mazungumzo ni ya pande mbili. Upande mmoja ukisikika na mwengine usisikike, hakuna intaneti.

Ripita nayo inafanya kazi kwa kusikia na kurudia. Ukiiweka ndani ya chumba ambacho mawimbi hayafiki, haina cha kurudia. Ukiiweka nje ya chumba, inapokea vizuri, kisha inakutana na ukuta uleule. Zile za bei nafuu zinasikia na kurudia kwenye masafa mamoja, kwa hiyo kasi inapungua kama nusu hata pale zinapofanya kazi sawasawa. Siku hizi zinauzwa pia seti za visanduku vitatu vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila waya. Ni vifaa vizuri, lakini navyo vinategemea hewa ileile na ukuta uleule. Video nyingi zinazovisifu zimetengenezwa kwa nyumba za Marekani, ambazo kuta zake za ndani aghalabu ni fremu za mbao na bodi za jasi. Anayezitazama akiwa Malindi au Shangani, humu Mji Mkongwe, anapewa ushauri wa nyumba ya mtu mwengine.

Dawa ya ukuta mnene ni waya. Hakuna kitu kipya hapo, na hakuna faida kubwa ya kuuza, labda ndiyo maana hakitajwi. Waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba Mji Mkongwe inayohitaji mita 100. Upitishe pale ambapo bomba la maji lilishatobolewa njia zamani, au juu, kufuata boriti; usimruhusu fundi apige tindo ovyo kwenye ukuta wa chokaa, maana plasta ikianza kubomoka haijui pa kusimama. Huko chumbani, mwisho wa waya, funga ruta yoyote ya zamani iliyolala kwenye droo, uzime ile kazi yake ya kugawa anwani (kwenye mipangilio inaitwa DHCP), uipe jina na nywila zilezile. Basi. Simu itahama yenyewe kutoka kisanduku kimoja kwenda chengine. Ila waya wenyewe uuangalie. Sokoni umejaa ule wa alumini iliyopakwa shaba, mwepesi mkononi na unakatika upesi ukikunjwa. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenyewe.

Na kabla ya kununua chochote, kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, pima kasi. Kisha chomoa waya, nenda chumba chenye tatizo, pima tena. Kama kwa waya unapata kile unacholipia na chumbani hupati, kampuni yako ya intaneti haina kosa na kifurushi kikubwa hakitasaidia. Kama hata kwa waya hupati, ruta mpya huenda isisaidie. Muuzaji angempa mama mdogo maelezo haya kwa dakika mbili, na pesa ya mabaibui ingebaki mfukoni mwake.

Nakubali, muuzaji naye ana kodi ya duka, na wapo wachache wanaouliza kabla ya kuuza. Nawajua, na nawapelekea watu. Lakini ni wachache.

Nakubali pia kwamba si nyumba zote ni za mawe. Michenzani tatizo lina sura nyengine: saruji, na majirani juu, chini na pembeni, kila mmoja na ruta yake. Pale kwenye gigahetsi 2.4 chaneli, yaani njia ambazo ruta huzungumzia, za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na kuhama kutoka chaneli iliyojaa ni bure. Fumba, kwenye zile nyumba mpya za mbao, ruta moja katikati huenda ikatosha kabisa. Ndiyo maana nasema swali la kwanza ni nyumba. Na kuna nyakati tatizo haliko nyumbani hata kidogo: Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilidorora nchi nzima, na hakuna ruta ya dukani ambayo ingeweza kuziunga.

Umeme sasa. Sisi tulioishi gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa kutoka bara ulipotuangusha, tunadhani adui ni kukatika. Kwa kompyuta, kurudi kwa umeme ndiko kunakoua zaidi, pale unaporudi na kishindo, ukashuka, ukapanda. Chomoa, subiri utulie, ndipo uchomeke. Ukinunua UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, usiunganishe printa ya leza humo, maana ile inapopasha moto inavuta umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kutoa. Ruta inakula umeme kidogo sana. UPS ndogo ya volti 12 inaweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Printa ya wino, kwa anayechapisha mara moja kwa mwezi, itakauka. Kwake leza ni bora hata kama bei ya kuanzia inauma.

Nimeacha mwisho jambo linalonigusa zaidi. Watu wanapoteza vitu visivyonunulika. Sauti ya bibi akisoma dua, picha za harusi, kazi za skuli za miaka, hesabu za duka. Wameviweka kwenye diski moja ya nje na wameambiwa kwamba hiyo ndiyo akiba. Kama kitu kipo mahali pamoja tu, hujakihifadhi bado. Diski huanguka, huibiwa, huharibika bila kutoa taarifa, na hewa yetu ya chumvi na unyevu haizisaidii. Kanuni ya wenye kazi ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kupandisha kila kitu mtandaoni kwa bando zetu ni gharama, na zile gigabaiti 15 za bure za Google hujaa upesi. Lakini sisi tuna jamaa. Diski ya pili akae nayo dada yako Wete au Chake Chake, kule Pemba, na yeye ya kwake akuletee wewe Unguja. Kila anayepanda boti kwenda Idi abebe iliyosasishwa. Ukiogopa macho ya watu, ifunge kwa nywila.

Na zile flashi za terabaiti 2 kwa bei ya sahani mbili za biriani ni wizi, nalisema wazi. Ndani yake mna nafasi ndogo, na chipu imefundishwa kudanganya kompyuta. Unanakili picha, majina ya mafaili unayaona, na nafasi ya kweli ikishajaa, yanayofuata yanapotea au yanafuta ya mwanzo. Unagundua siku unayoyahitaji. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena, na uwongo unaonekana. Zote mbili ni za bure. Kwa flashi kubwa kipimo kinachukua saa nyingi, kwa hiyo hakiwezi kufanyika mteja akiwa amesimama kaunta. Basi wenye maduka ya Darajani na Mlandege waandike kwenye risiti kwamba flashi ikishindwa kipimo hicho ndani ya siku saba, mteja anarudishiwa pesa yake. Anayeuza mzigo halali hana cha kupoteza kwa kuandika mstari huo mmoja.