Perdomo amepigiwa hesabu, mfungaji bora wetu amepigiwa kelele

Raha moja ya kuishi Phoenix, Marekani, ni kubishana kuhusu Geraldo Perdomo. Mtu akisema msimu wake wa 2025 ulikuwa bahati tu, haishii kukuita shabiki maandazi. Anatoa simu, anaingia Baseball Savant, tovuti ya takwimu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, bila kulipia hata senti, na kukuonyesha kila mpira ambao Perdomo aliugonga mwaka ule: ulitoka kwenye gongo kwa kasi gani, kwa pembe ya nyuzi ngapi, ukaangukia wapi. Ubishi unaanzia hapo.

Kwa wasiofuatilia besiboli: Perdomo ni Mdominika wa Arizona Diamondbacks, anacheza shotistopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mipira mingi hupita pale, na mrusho wa kwenda kituo cha kwanza ni mrefu, kwa hiyo mtu wa nafasi hiyo husamehewa asipogonga vizuri. Perdomo alisamehewa sana. Mwaka 2022 wastani wake wa kupiga, yaani vipigo vilivyomfikisha kituoni kwa kila zamu inayohesabiwa, ulikuwa 0.195, na tangu aingie ligi kuu 2021 mpaka mwisho wa 2024 alikuwa na homurani 14 kwa jumla, ile mipira inayovuka ukuta. Halafu 2025, akiwa na miaka 25, akapiga 20 kwa mkupuo mmoja, wastani 0.290, akaingiza mikimbio 100, akaiba vituo 27 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige) na kumaliza wa nne kwenye kura za mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Lazima watu waulize. Kuuliza si chuki.

Hesabu ya kwanza ni ya bahati. Chukua vipigo vilivyomfikisha kituoni salama, toa homurani, gawanya kwa mipira yote aliyogonga ikabaki uwanjani. Ligi nzima huzunguka kati ya 0.290 na 0.300. Ukimkuta mtu ana 0.380, ujue mipira inamwangukia kwenye mapengo na mwaka unaofuata atashuka. Perdomo alikuwa palepale karibu na ligi. Lakini wanaojua watakuonya: hesabu hii huaminika baada ya mipira kama 820, na mpigaji wa kila siku hugonga kama 400 hadi 500 tu kwa msimu.

Kwa hiyo wanahamia kwenye vitu vinavyotulia mapema. Kiwango cha mpigaji kutolewa kwa kukosa mara tatu huanza kuaminika baada ya zamu 60 hivi, na kile cha kupewa kituo cha bure, mrushaji akikosea mipira minne, baada ya kama 120. Perdomo alikuwa na zamu zaidi ya 700. Alipewa kituo cha bure mara 94, akatolewa kwa kukosa mara 83. Wapigaji ambao namba ya kwanza inaizidi ya pili ni wachache mno siku hizi, na jicho la namna hiyo haliokotwi kwa bahati. Hapo nasimama naye kabisa. Homurani ndizo zinazonipa shaka. Kipigo huhesabiwa kuwa kigumu kuanzia maili 95 kwa saa, sawa na kilomita 153, na Perdomo hajajulikana kwa nguvu hiyo. Homurani zake zinategemea pembe, kati ya nyuzi 25 na 35, na pembe humponyoka mpigaji haraka kuliko jicho. Akirudi kwenye 12, sitasema alikuwa feki.

Hata hewa ya jangwa imewekwa kwenye hesabu. Tangu 2018 mipira ya Chase Field, uwanja wa Diamondbacks, huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu, kwa sababu mpira uliokauka huruka zaidi.

Dawa nazo zina utaratibu wake. Fernando Tatis Jr., wakati huo shotistopu wa San Diego Padres, aliongoza National League kwa homurani 42 mwaka 2021. Agosti 2022 vipimo vikamkuta na klostebol, dawa ya kujenga misuli iliyopigwa marufuku, akafungiwa michezo 80, adhabu iliyoandikwa kwa kosa la kwanza la mtu yeyote. Bado unaweza kubishia homurani zake za 2021, lakini unajua kilichopimwa na lini. Mtazame sasa Rich Aurilia, shotistopu wa San Francisco Giants mwaka 2001: wastani 0.324, vipigo 206, homurani 37. Mwaka uliofuata, 0.257 na homurani 15. Wengine wanasema alikuwa akipiga mbele ya Barry Bonds, aliyepiga 73 mwaka ule, kwa hiyo warushaji waliogopa kumpa Aurilia kituo cha bure wakati Bonds anasubiri zamu. Wengine wananong'ona mengine. Ligi kuu ya besiboli ilikuwa haijaanza kupima. Hakuwahi kufungiwa, wala hana karatasi ya kumsafisha. Mnong'ono umebaki naye.

Na wachezaji wetu wote wa soka la Tanzania ni Aurilia. Stephane Aziz Ki, kiungo, akiwa Yanga alifunga mabao 21 msimu wa 2023/24. Jean Charles Ahoua akiwa Simba akawa mfungaji bora wa 2024/25 kwa mabao 16. Yaliyosemwa mnayajua: penalti, marefa, bahasha, kamati ya ufundi. Nani kati yenu anaweza kuniambia Ahoua alipiga mashuti mangapi akiwa ndani ya boksi? Nani anajua Aziz Ki alifunga mangapi kwa mipira iliyokufa, bila kukisia? Tunawatuhumu vijana kwa kosa ambalo hatuwezi kulithibitisha, nao hawawezi kulikanusha.

Najua linalokuja. "Umefika majuu, umesahau ulikotoka." Sijasahau. Phoenix nzima haina kijiwe kinachoujua mpira kama vile vya Kariakoo. Mzee wa kahawa atakutajia kikosi cha Simba kilichoitoa Zamalek 2003, mmoja baada ya mwingine, na nani aliingia akitokea benchi. Kichwa cha namna hiyo sijakiona huku. Ndiyo maana nakasirika: watu wenye kumbukumbu hiyo tunashindwaje kuitia kwenye daftari?

"Kamera za mabilioni tutazitoa wapi?" Kamera hizi, zinazopima kila mpira unaopigwa, zilifika viwanja vyote vya ligi yao ya besiboli 2015 tu. Henry Chadwick, mwandishi wa habari za besiboli, alichapisha jedwali lake la mechi mwaka 1859, kazi ya penseli na karatasi. Retrosheet, iliyoanzishwa 1989 na David Smith, mwalimu wa baiolojia wa chuo kikuu, imekusanya kumbukumbu za mechi za zamani moja moja kwa mikono ya watu wa kujitolea. Na kuhesabu mashuti hakuhitaji kibali cha Bodi ya Ligi.

Ligi yetu ni timu 16, mechi 240 kwa msimu. Kila mechi iwe na watu wawili: mmoja anatazama na kutaja, mwenzake anaandika bila kuinua kichwa. Akiachiwa mmoja yote, atakosa shuti la pili baada ya kipa kutema, na washambuliaji wengi hula hapo. Kila shuti lipate mstari wake: dakika, namba ya jezi, mahali, mguu au kichwa, mpira hai au uliokufa, matokeo. Penalti huingia zaidi kidogo ya tatu kwa kila nne, shuti la nje ya boksi huingia machache kwa kila mia, kwa hiyo ukizichanganya hujapima kitu.

"Hilo daftari litakuwa la Yanga." Basi liandikwe la pili na mtu wa Simba, walinganishe filimbi ya mwisho ikilia. Watagombana hasa kwenye mpira uliozuiwa na beki, kama ni shuti au si shuti. Wakubaliane kabla ya raundi ya kwanza, na makubaliano yaandikwe ukurasa wa mwanzo. Penalti ziwe na kurasa zao: nani aliangushwa, wapi, refa alikuwa umbali gani, nani alipiga.